Saa Tatu Aliyoingoja Bibi



Baadhi yenu mmetuuliza kuna jambo gani nyumbani kwetu West Bay kila Ijumaa usiku, hata lifti ikawa inapanda na watu waliobeba madaftari mkono mmoja na vyungu vya chakula mkono wa pili. Jawabu ni kwamba tunaandaa walimu wa Kiswahili. Mwezi huu tumeona tuwasimulie kazi hiyo ilivyo, pamoja na kosa letu wenyewe, kwani huenda likawafaa walio katika miji mingine.

Hapa tunapokaa palikuwa bahari. Katika miaka ya 1970 sehemu hii ya pwani ya Doha ilianza kufukiwa, na jina lake la Kiarabu, Al Dafna, linatokana na huko kufukia. Hoteli ya Sheraton, yenye umbo la piramidi, ilifunguliwa mwaka 1982. Leo imezungukwa na majengo marefu ya vioo. Mtoto anayekulia katika ghorofa hizi husikia Kiingereza skuli, Kiarabu msikitini na lugha za Kihindi dukani. Kiswahili hukisikia kwa wazazi wake tu, na mara nyingi huwa ni cha amri: kula, lala, zima, njoo.

Ndipo wazazi tulipokubaliana kuanzisha darasa la Jumamosi asubuhi. Watoto tulikuwa nao, walimu hatukuwa nao. Sisi wawili, mume na mke, tuliwahi kusomesha Kiswahili katika skuli za Unguja kabla ya kuhamia huku, basi mzigo wa kuwaandaa walimu ukatuangukia. Walijitolea watu sita: mama wa Mombasa, muuguzi wa Tanga, bibi mmoja wa Pemba aliyekuja kulea wajukuu, mpishi, na vijana wawili walinzi wa majengo. Wiki ya kazi hapa huanza Jumapili na kwisha Alhamisi, lakini mlinzi hana Ijumaa. Mmoja wao huja na sare yake, akitoka zamu ya saa kumi na mbili, na husinzia mkekani hadi chai iletwe.

Hatukuweza kupanga wakati wa kukutana kwa saa, tukaupanga kwa sala: baada ya Magharibi. Mwezi wa Juni Magharibi huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya hapo joto hupita nyuzi 40, hakuna atakaye kutoka nje. Mwezi wa Disemba huingia kabla ya saa kumi na moja, na wageni hufika mapema, wakakaa muda mrefu zaidi.

Tulianza kama tulivyoanza kwetu: ngeli ubaoni. Muuguzi wetu alipojaribu somo lake la kwanza, mtoto alimwuliza kwa nini ni "kiti changu" lakini "meza yangu". Akajibu, "Ndivyo tusemavyo." Tukamsahihisha kwa jedwali, tukatoa fotokopi, watoto wakanakili. Daftari zilijaa vizuri, na darasa likawa kimya. Sisi tuliuhisabu ukimya ule kuwa ni utulivu.

Kisha likatufika la kutufika. Mwana wetu, mwenye umri wa miaka tisa, aliandika habari fupi ya skuli yake kwa Kiswahili, ya kwanza aliyoiandika bila ya msaada. Siku ya Alhamisi alimwambia bibi yake kwa simu, "Kesho nitakupigia saa tatu, Bibi, nikusomee." Yeye alikusudia baada ya sala ya Ijumaa, kama saa ya skuli yake inavyosema. Bibi yuko Ng'ambo, Unguja, na kwake saa tatu ni saa tatu ya asubuhi. Alioga, akajitanda, akakaa karibu na simu. Jirani alikuwa na arusi, hakwenda. Simu ililia saa tisa alasiri.

"Nilidhani umeshanisahau, baba," alisema.

"Lakini Bibi, ndiyo saa tatu sasa hivi!"

Saa za Doha na za Unguja ni zile zile, hata dakika haipungui. Hatukuwa na masafa ya kuyalaumu. Mtoto wa walimu wawili aliyajua majina ya ngeli, na saa ya bibi yake hakuijua.

Usiku ule ule tuliwasimulia wenzetu, kisha tukawauliza: kwa nini tunaanza kuhisabu saa alfajiri inapokwisha? Tulinyamaza sote, na sisi wawili tukiwamo. Aliyejibu ni bibi wa Pemba: "Si ndiyo saa ya kwanza ya jua?" Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza karibu na wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hisabu hiyo mtoto huiona kwa macho. Huku mchana wa Disemba ni wa saa kumi na nusu hivi, na wa Juni hupita saa kumi na tatu na nusu. Dirisha la West Bay halimfundishi mtoto saa ya Kiswahili. Lazima mtu amweleze.

Hapo tukafahamu kwamba kuijua lugha na kuweza kuifundisha ni mambo mawili. Mwalimu aliyezaliwa ndani ya lugha ana mambo anayoyajua bila ya kujua kwamba anayajua, na hayo hayo ndiyo yanayomkwaza mwanafunzi. Tangu siku ile kila somo letu huanza kwa swali: mtoto atalitumia neno hili kwa nani? Saa tunaifundisha kwa saa ya ukutani: tazama mshale mdogo, kisha soma nambari iliyouelekea upande wa pili. Penye tatu, utasoma tisa. Na mama wa Mombasa anaposema "ndoo" kwa maana ya "njoo", hatumkatazi tena. Twawaeleza watoto kwamba ndoo ya maji ni neno jingine, na kwamba nyanya zao wa Mombasa watafurahi kuitikiwa kwa lahaja yao.

Ijumaa iliyofuata mwana wetu alipiga simu saa tatu ya asubuhi. Bibi aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Alimsomea karatasi yote, na alipofika mwisho aliambiwa arudie.

Ndugu wasomaji, leo usiku waulizeni watoto wenu ni saa ngapi, na jawabu walipimeni kwa saa ya babu na bibi zao.

Wabillahi tawfiq.