Wifi kaniambia "nifundishe", nikajua leo nimeumbuka!

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa fupi kweli, maana ilianza Jumapili saa kumi jioni ikaishia Jumamosi iliyofuata. Na yote hayo kisa pai za nanasi!

Mpenzi msomaji, wakati huo nilikuwa na miezi minne tu kwenye ndoa. Tulipanga chumba na sebule uswahilini, hapa hapa Dar, na jiko letu lilikuwa moja tu, la mkaa. Mume wangu ana dada yake mkubwa ambaye ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kwa hiyo kwangu mimi huyo si wifi tu, ni mama mkwe kabisa. Na nilishapata habari kwamba siku ya kikao cha harusi alisema mabinti wa siku hizi wanachojua jikoni ni kuchemsha maji.

Basi, akatuma salamu: Jumapili nakuja kunywa chai kwa mdogo wangu.

Nikadata. Maandazi nayajua, lakini nilitaka kitu cha kumfunga mdomo. Nikampa mume wangu hela, akapitia bekari moja mjini akaniletea pai nane za nanasi. Boksi nikalitupa mbali, pai nikazipasha kidogo, nikazipanga kwenye sahani ya harusi, juu nikafunika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Ukiingia tu unasema huyu mwanamke kaamka na unga mikononi.

Wifi akala ya kwanza. Akala ya pili. Akanitazama.

"Wifi, hizi umeoka mwenyewe?"

Mdomo haukungoja akili. "Ndiyo wifi, kwa jiko hili hili la mkaa."

"Ehee! Basi Jumamosi nakuja mapema, unifundishe."

Mume wangu alipaliwa na chai mpaka machozi yakamtoka.

JUMANNE YA AIBU

Nilikuwa na siku sita. Jumatatu nikaenda sokoni Buguruni, nikachagua nanasi zuri la Kiwangwa, lile ambalo hata kabla hujalikata limeshajaza harufu chumba kizima. Jumanne mume wangu alipotoka tu kwenda kazini, nikaingia vitani.

Nilifanya hivi: nikakatakata nanasi bichi, nikalimwagia sukari. Unga nikaukanda kwa nguvu kama wa chapati, nikajaza nanasi, nikafunga, nikapanga kwenye sufuria, sufuria nikaibandika juu ya moto unaowaka vizuri.

Baada ya nusu saa, chini mkaa mtupu, juu unga mbichi, na katikati mchuzi! Juisi yote ilikuwa imevuja ikaungua kwenye sufuria. Zile sehemu mbili tatu zilizoiva zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu.

Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Ndipo akatokea mama wa chumba cha tatu, mwenyeji wa Pangani, ambaye kila Ramadhani watu humfuata kwa mkate wake wa mayai. Nikamwamkia huku najifuta machozi.

"Marahaba mwanangu. Kulikoni, umefiwa?"

Nikamweleza yote, na ule uongo nikauweka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Wewe hujashindwa kuoka. Umeshindwa kuondoa maji."

ADUI NI MAJI

Mama yule alinifungua macho. Nanasi karibu lote ni maji. Katika kilo moja ya nanasi lililomenywa, zaidi ya gramu 800 ni maji. Ukilifungia bichi ndani ya unga, lile joto linayatoa maji yote, unga unalowa, pai inapasuka. Embe ni vile vile. Tende ndiyo pekee yenye ahueni kwa sababu imeshakauka. Unailainisha kwa maji moto kidogo, unaiponda, unajaza. Ndiyo maana Waarabu wana biskuti zao za maamul zinazojazwa tende bila taabu.

Kwa hiyo, dada yangu unayesoma, na kaka pia maana tumbo halina jinsia, kazi inaanza na matunda kabla hujagusa unga. Chukua nanasi moja kubwa, menya, toa moyo ule mgumu, katakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Bandika kwenye moto wa wastani bila kutia hata tone la maji, litajitolea lenyewe. Acha lichemke mpaka juisi ipungue sana, ndipo utie sukari robo kilo au pungufu kama nanasi ni tamu, kijiti cha mdalasini, iliki kidogo na ndimu nusu. Koroga, usiondoke kwenda kupiga soga, maana sukari ikishika chini huna nanasi tena.

Utajuaje limekuwa tayari? Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kidogo bila juisi kuijaza, epua. Halafu liache lipoe kabisa. Mimi Jumatano nilikuwa na haraka nikajaza likiwa la moto, siagi ya kwenye unga ikayeyuka, pai zikalegea kabla hazijafika jikoni. Hasara nyingine hiyo!

UNGA HAUTAKI UBABE

Kosa langu la pili lilikuwa ule ukandaji. Unga wa ngano kadiri unavyoukanda ndivyo unavyokaza na kuvutika. Kwa mkate ni sifa, kwa pai ni balaa.

Pima nusu kilo ya unga, robo kilo ya siagi iliyo baridi, vijiko viwili vya sukari na chumvi kidogo. Sugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka uone chenga chenga kama mkate uliovurugwa. Nyunyizia maji baridi kijiko kimoja kimoja, sita mpaka nane hivi, ishikane tu. Usikande. Funika, iache ipumzike nusu saa.

Sukuma kwenye kibao cha chapati, kata miduara kwa mdomo wa glasi kubwa. Weka kijiko cha chai cha nanasi katikati, usiwe na tamaa ya kujaza. Lowanisha ukingo kwa maji, kunja nusu mwezi, bana kwa uma. Toboa matundu mawili matatu juu ili mvuke upate njia. Pakaza kiini cha yai. Utapata pai ishirini na zaidi.

MOTO UKAE JUU

Sasa ndiyo siri ya mkate wa mayai yenyewe: kupalia. Chukua sufuria kubwa kavu, tandaza mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu, funika na sufuria ipate moto kwa dakika kumi au kumi na tano. Pai zipange kwenye sinia dogo lililopakwa siagi, liweke juu ya vijiwe. Funika kwa mfuniko bapa, halafu mkaa mwingi uhamishie juu ya mfuniko. Gawa mafungu matatu: mawili juu, moja chini. Mimi Jumanne nilikuwa nimeweka yote chini, ndiyo maana nikapata lami.

Dakika ishirini na tano mpaka thelathini zinatosha. Usifunue funue, kila ukifunua joto linakimbia.

Na hili silisemi kwa utani: fanya kazi hii uani au barazani. Mkaa ukiwaka chumbani huku milango na madirisha yamefungwa hutoa hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu, na imeshaua watu usingizini. Pai haina thamani ya roho yako.

JUMAMOSI IKAFIKA

Ijumaa jioni nikatoa pai kumi na mbili zilizoiva kisawasawa, rangi ya dhahabu. Mama wa Pangani akala moja, akanyamaza, akachukua nyingine. Nikajua nimefuzu.

Sasa ningeweza kunyamaza. Pai najua, wifi akija namfundisha, siri inazikwa. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Huyu mama alimnyima nafsi yake vitu vingi ili mume wangu asome. Na mimi nimeanza naye kwa uongo wa pai?

Jumamosi saa tatu asubuhi huyo hapo mlangoni, khanga kiunoni, nanasi mkononi. Tukakaa uani tukimenya. Nikatua kisu.

"Wifi, nisamehe. Za Jumapili sikuoka mimi. Tulinunua."

Akaendelea kumenya kama hajasikia. Kisha akatabasamu.

"Najua. Bekari ile iko jirani na kazini kwangu, na hizo pai nazila kila mwisho wa mwezi. Nilitaka nione Jumamosi utaumwa ghafla, utasafiri, au utajifunza." Akanigeukia. "Haya, hilo nanasi tunalichemsha na maji kiasi gani?"

"Hatutii maji, wifi."

Jioni ile saa kumi tulikunywa chai watatu. Pai mbili zilipasuka, moja iliungua pembeni, na wifi akang'ang'ania kwamba hiyo iliyoungua ni yake kwa sababu ameitengeneza mwenyewe. Alipoondoka alifungasha nne kwenye gazeti, akamwambia mdogo wake nikiwa nasikia: "Huyu usimpoteze."

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mwisho wa wiki hii nunua nanasi, palia mkaa, waite jamaa zako chai ya saa kumi. Zikikataa mara ya kwanza, waandalie maandazi na uwaambie ukweli. Lakini kama ni za kununua, basi hata boksi liache mezani!