Mkwewe Bell: Wakili aliyepigania sauti ya bintiye

Muulize mwanafunzi yeyote ni nani aliyevumbua simu, naye atakujibu kabla hujafunga kinywa: Alexander Graham Bell. Muulize tena ni nani aliyempa Bell fedha za majaribio yake, ni nani aliyesimamia ombi la hati ya uvumbuzi huo mjini Washington, na ni nani aliyeiongoza kampuni ya kwanza ya simu duniani, naye atakukodolea macho. Simlaumu. Historia ya uvumbuzi, kama inavyofundishwa aghalabu, humsifu fundi na kumsahau aliyemnunulia nyundo.

Mtu huyo aliitwa Gardiner Greene Hubbard. Alikuwa wakili na mfanyabiashara wa Boston, Marekani, na baadaye alikuwa baba mkwe wa Bell. Hata hivyo, si simu iliyonishawishi kuandika habari zake leo. Ni shule. Nataka walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu wafikiri pamoja nami juu ya baba mmoja aliyempenda mtoto wake mno, na juu ya mambo yaliyowafika watoto wa watu wengine kutokana na mapenzi hayo.

Hubbard alizaliwa tarehe 25 Agosti 1822, akazaliwa nyumba yenye heshima na mali. Baba yake, Samuel Hubbard, alikuja kuwa jaji katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts. Jina lake la Gardiner Greene alilirithi kwa babu yake mzaa mama, tajiri aliyetajika sana mjini Boston. Yafaa tuseme utajiri huo ulitoka wapi, maana wasifu wa watu wakubwa hupenda kuliruka jambo hili. Mzee Greene alichuma mali yake Demerara, katika nchi tuijuayo leo kwa jina la Guyana, kwenye mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa waliotolewa Afrika. Mjukuu hakuchagua babu. Lakini mtu anayeanza safari ya maisha akiwa na jina, jumba na marafiki wa mahakamani hawezi kulinganishwa na anayeanza mikono mitupu.

Alihitimu katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1841, akasomea sheria Harvard, kisha akaingia katika ofisi ya uwakili ya Benjamin Robbins Curtis. Huyu Curtis ndiye yule yule ambaye mwaka 1857, akiwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliikataa hukumu ya wenzake katika kesi ya Dred Scott, hukumu iliyosema kwamba Mwafrika hawezi kuwa raia wa nchi ile. Mwaka 1846 Hubbard alimwoa Gertrude McCurdy, binti wa mfanyabiashara wa New York, akaweka makazi Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Uwakili peke yake haukumtosha. Alishiriki kuuletea mji huo maji ya mifereji, gesi ya taa, na magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi juu ya reli hadi Boston. Kwa ufupi, alikuwa mtu wa kuona haja ya umma na faida yake mwenyewe katika jambo moja, wala sioni aibu katika hilo.

Mapema mwaka 1863 homa ya vipele vyekundu, ambayo madaktari huiita skaleti, ilimwangukia binti yake Mabel. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Alipopona, masikio yalikuwa yamekufa kabisa.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wazazi hawa waliambiwa kwamba mtoto aliyepoteza kusikia katika umri ule atapoteza na maneno yake pia, na kwamba shule ya viziwi iliyokuwa Hartford haingempokea mpaka afikishe miaka kumi au karibu na hapo. Shule hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1817 na Thomas Gallaudet pamoja na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, Laurent Clerc, ilifundisha kwa lugha ya ishara. Hubbard akaenda kwa Daktari Samuel Gridley Howe, mwalimu mashuhuri wa vipofu. Howe alikuwa amezuru shule za Ujerumani na kuona viziwi wakifundishwa kusema kwa kinywa na kufahamu kwa kutazama midomo. Ushauri wake ulikuwa mfupi: mzungumzisheni, wala msipokee ishara kutoka kwake.

Wakafanya hivyo. Mama, dada na mwalimu wa nyumbani, Mary True, walikaa na mtoto siku baada ya siku, wakimsomea, wakimsemesha, wakimsubiri aseme. Maneno yake hayakufa. Alijifunza kusoma midomo ya watu hata ungedhani anasikia, na baadaye, familia ilipokwenda Ulaya, alisoma midomo ya Wajerumani kwa Kijerumani.

Hapa ndipo wakili alipochukua nafasi ya baba. Mwaka 1864 Hubbard aliliomba Bunge la Massachusetts lianzishe shule ya viziwi itakayofundisha kwa matamshi. Ombi likakataliwa. Watu wa Hartford walisema hayo ni ndoto za mzazi mwenye huzuni. Hakukata tamaa. Mwaka 1866 alimsaidia mwalimu Harriet Rogers kufungua shule ndogo mjini Chelmsford, na mwaka uliofuata akarudi Bungeni, safari hii akiwa na silaha mbili. Ya kwanza ilikuwa ahadi ya mfanyabiashara John Clarke wa Northampton, aliyejitolea kutoa dola 50,000. Ya pili ilikuwa Mabel mwenyewe. Msichana wa miaka tisa alisimama mbele ya wajumbe wa kamati, akajibu maswali ya historia na jiografia kwa kinywa chake.

Kulikuwa na mjumbe mmoja, Lewis Dudley, ambaye binti yake alikuwa kiziwi na mwanafunzi wa Hartford. Mwanzoni alikuwa mpinzani wa Hubbard. Binti huyo alipopelekwa kwa Bi. Rogers kwa muda mfupi na kuweza kutamka maneno kadhaa, mzee akageuka, akawa mtetezi mkuu wa shule mpya. Naomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Baba aliyelisikia neno moja kinywani mwa mwanawe hawezi kupima tena kwa mizani baridi.

Shule ya Clarke ilifunguliwa Northampton mwaka 1867, Hubbard akiwa rais wake wa kwanza. Ilikuwa shule njema kwa mambo mengi. Ilipokea watoto wadogo ambao wengine waliwaambia wangoje, nayo ilikataa katakata fikira kwamba kiziwi ni mpungufu wa akili. Laiti mambo yangeishia hapo, makala hii ingekuwa ya sifa tupu.

Simu yenyewe ilizaliwa pembeni mwa shughuli hizi za viziwi. Bell alikuwa mwalimu wa viziwi kijana mjini Boston, na mama yake mzazi alikuwa haisikii vizuri dunia. Mwaka 1873 Mabel akawa mwanafunzi wake. Mwaka 1874 Bell alialikwa nyumbani kwa Hubbard, akaonyesha kwa piano jinsi uzi unavyoitikia sauti inayolingana nao, akaeleza kwamba kwa kanuni hiyo ujumbe kadhaa wa telegrafu ungeweza kupita katika waya mmoja. Hubbard alisikiliza kwa makini, kwani kwa miaka kadhaa alikuwa akipambana na kampuni ya Western Union, iliyohodhi telegrafu na kutoza ada kubwa. Alitaka telegrafu iingizwe katika huduma za posta ili hata mtu wa kawaida aimudu, lakini mswada wake haukupita. Yeye na Thomas Sanders, mfanyabiashara wa ngozi ambaye mwanawe kiziwi alifundishwa na Bell, wakaanza kugharamia majaribio. Ajabu ni kwamba Hubbard alimsukuma Bell ashughulikie telegrafu na kuacha ndoto za kupitisha sauti ya binadamu wayani. Hapo alikosea.

Wazee wetu, kwa njia, waliuita ule mtambo wa kwanza simu tu, neno lenye asili ya Kiajemi la waya, na huu wa pili wakauita simu ya mdomo. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyoipatia vizuri hivyo hadithi ya nyumba ya Hubbard, ambamo maisha yote yalitegemea midomo.

Ombi la hati ya uvumbuzi lilifikishwa Washington tarehe 14 Februari 1876 kwa uamuzi wa Hubbard, Bell akiwa hajapewa habari. Siku hiyo hiyo mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, aliwasilisha taarifa yake. Hati ya Bell ilitolewa tarehe 7 Machi. Kampuni ya Bell iliundwa Julai 1877, na siku mbili baadaye Bell na Mabel wakafunga ndoa nyumbani Cambridge. Bwana arusi alimpa bibi arusi hisa zake zote isipokuwa kumi. Kiziwi akawa mwenye hisa nyingi katika kampuni ya kifaa ambacho yeye mwenyewe hangeweza kukitumia. Hubbard ndiye aliyeshikilia kwamba simu zikodishwe, zisiuzwe, na siasa hiyo ya biashara ilidumu Marekani kwa karibu miaka mia moja. Usimamizi ulimponyoka upesi, kwani alikuwa hodari wa kuanzisha kuliko kuendesha. Mwaka 1888 alikuwa rais wa kwanza wa National Geographic Society, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwezi Desemba 1897.

Narudi kwenye shule. Mali na jina vilivyotokana na simu viliipa njia ya matamshi nguvu ambayo walimu wa ishara hawakuwa nayo. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan, Italia, ambao wajumbe wake karibu wote walikuwa watu wanaosikia, uliamua kwamba matamshi yatangulizwe na ishara ziondolewe madarasani. Wajumbe wa Marekani, akiwemo Edward Gallaudet, walipinga bila mafanikio. Mwaka 1883 Bell alisoma mbele ya wanasayansi andiko la kutahadharisha juu ya viziwi kuoana wao kwa wao, akazilaumu lugha ya ishara na shule za bweni kwa kuwakutanisha. Shule nyingi zikafuata mkondo. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto walioonekana wakinyoosha vidole kusemezana waliadhibiwa, wengine wakaamriwa wakalie mikono yao.

Kosa lilikuwa wapi? Kwa maoni yangu, lilikuwa katika kumchukua Mabel kuwa kipimo. Mabel alisikia kwa miaka mitano. Kiingereza kilikuwa kimekwisha kujenga nyumba akilini mwake kabla mlango wa masikio haujafungwa. Alikuwa na mwalimu wake mwenyewe, maktaba ya baba, mama asiyechoka na safari za Ulaya. Mwenyewe aliandika katika jarida la Atlantic Monthly mwaka 1895 kwamba kusoma midomo ni kazi ya akili zaidi ya macho, na kwamba mtu lazima awe na maneno mengi na usomaji mpana ili ajazie yale ambayo midomo haiyaonyeshi. Maneno hayo, yakisomwa vizuri, yanaibomoa hoja ya baba yake. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, wa mkulima au mfanyakazi wa kiwanda, atajazia kwa maneno gani ambayo hajapata kuyapokea kwa lugha yoyote?

Kuna watakaonijibu kwamba wako viziwi waliozaliwa hivyo na wakafundishwa kusema wakafaulu. Ni kweli, wapo, na sikatai kwamba mtoto mwenye uwezo huo asaidiwe. Ninachokataa ni kumnyang'anya lugha aliyo nayo mikononi kwa kumwahidi nyingine ambayo huenda asiipate. Hubbard hakuwa mtu katili. Alikuwa wakili aliyezoea kushinda, na ushindi wake ulikuwa wa mtoto mmoja aliyemjua. Wengine hakuwajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1960 mwanaisimu wa Marekani, William Stokoe, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba ishara za viziwi wa nchi yake ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Watu waliokuwa wakiitumia walikuwa wakilijua hilo siku zote, lakini wasomi walihitaji kuambiwa na msomi.

Fikira za Milan zilifika huku kwetu pia. Walimu wa viziwi nchini Kenya walioanza kazi kabla ya miaka ya themanini watakumbuka mkazo uliowekwa juu ya matamshi, na jinsi ishara zilivyotumiwa bwenini na uwanjani kuliko darasani. Mwezi Julai 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, uliokutana Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto kwa madhara yake. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Agosti, Kenya ilizindua Katiba mpya. Kifungu cha 120 cha Katiba hiyo kinazitaja lugha rasmi za Bunge letu kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.