Sura ya Mji Haimo Katika Hati ya Kiwanja

Wiki hii, wasomaji wapenzi, tuzungumzie jambo ambalo wapangaji wa miji yetu hulipita haraka: kuipima sura ya mji na kuichora ramani. Sisemi ramani ya viwanja. Hiyo tunaijua: mistari, namba, kisha mpimaji anachimbia bikoni na kuondoka. Nasema ramani inayoonyesha wenyeji wanautambua mji wao kwa lipi.

Mmarekani Kevin Lynch alilishughulikia swali hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1960. Aliwaomba wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wauchore mji wao bila kutazama ramani. Akaona kuwa watu hushika mambo matano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama.

Haya, tuipime Same. Njia haina ubishi: ni barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Sambamba nayo ipo reli ya tangu enzi ya Wajerumani, ambayo treni ya abiria iliirudia mwaka 2019. Makutano ni stendi na soko. Alama ni Milima ya Upare yenyewe, ambayo kilele chake, Shengena, kina mita 2,462. Mgeni akishuka kwenye basi huitazama milima kwanza, maduka baadaye.

Lakini kwa maoni yangu Same ina jambo la sita, nalo ndilo kubwa: maji. Milima hukinga mvua, tambarare ikabaki kame. Ndiyo maana Wapare, tangu zamani, wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili mchana yagawanywe kwa mifereji. Huko kulikuwa kupanga ardhi, hata kama hakuna aliyekuwa na cheti cha mipangomiji.

Sasa litazameni korongo. Kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Mbuzi hupita, watoto hucheza. Mpimaji aliyekuja wakati wa kiangazi huliandika kuwa ardhi tupu, na ardhi tupu hukatwa viwanja. Mvua ikinyesha mlimani, huku chini jua linawaka, maji huijia njia yake hata kama juu yake pana nyumba yenye hati. Mlima huu si wa kufanyiwa mzaha: mwaka 2009, kijijini Goha, wilaya hii hii, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe mpango unapoandaliwa. Mara nyingi ushirikishwaji huo huwa ni kuonyeshwa ramani iliyokwisha chorwa, tena ukutani, kwa herufi ndogo. Mimi ningeanza na karatasi tupu na kalamu mbili. Mama muuza mbogamboga, dereva wa bodaboda na mzee mfugaji wachore kwa nyekundu wanakopita wao, na kwa buluu yanakopita maji ya masika. Mpimaji aje baada ya hapo na bikoni zake.