Jarida la uwekezaji: Soma vyema kabla ya kutoa pesa

Je, umepata jarida linalosifu hisa fulani? Usikimbilie kununua. Kwanza jiulize: mwandishi analipwa na nani? Ametaja hasara, au faida pekee?

Mwaka wa 2008 Wakenya wengi walinunua hisa za Safaricom kwa Sh5 wakitarajia faida ya haraka. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya Sh3. Aliyeuza wakati huo alikula hasara.

Nanyi mnaowaandikia wanachama wa vyama vya akiba, igeni Warren Buffett wa Marekani. Mwaka wa 1998 alieleza kwamba huandika akiwawazia dada zake, Doris na Bertie: werevu, lakini si wataalamu wa fedha. Andikeni mapato, matumizi na makosa waziwazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.