Je, Wajua? Mirija Huziba Kimyakimya

Mwanamke anapokawia kupata mimba, wengi hulaumu vidonge vya kupanga uzazi. Ushahidi hauungi mkono lawama hiyo: anayeviacha kwa kawaida hurudiwa na uwezo wa kushika mimba katika miezi michache. Kusini mwa Sahara, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa chanzo kikuu cha kutopata mimba kwa wanawake ni maambukizi yanayoharibu mirija ya uzazi. Klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, ndio wahusika wakubwa. Wapo watakaosema, “Lakini hakuwahi kuumwa.” Hapo hasa ndipo penye hatari, maana kwa wanawake wengi klamidia haina dalili yoyote, nayo yaweza kupanda taratibu hadi kwenye mirija na kuacha makovu yanayozuia yai na mbegu kukutana. Wengine watasema alishazaa, kwa hiyo mirija ni mizima. Hoja hiyo haisimami, kwani maambukizi yanaweza kuingia baada ya uzazi huo, au hata wakati wa kujifungua kwenyewe kusipokuwa na usafi. Antibiotiki huitibu klamidia, ila hazifuti kovu lililokwisha kujengeka. Na mume asipotibiwa pamoja na mkewe, ugonjwa unaweza kurudi.