Pumzi ya Mtalii

Wapo wanaofunga safari hadi Ufaransa kwa ajili ya pango la Lascaux, lenye picha za farasi na mafahali zilizochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita. Pangoni kwenyewe hawaingii. Lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948, likafungwa 1963. Si wezi walioliponza, wala wahuni. Ni pumzi tu. Zaidi ya watu elfu moja kwa siku walipumulia humo, hewa ya kaboni na unyevu vikazidi, kuta zikaota ukoga wa kijani kama ule wa mtungini. Tangu 1983 mgeni huonyeshwa nakala iliyojengwa jirani. Wengine huona wamepunjwa. Mimi ningelipa kiingilio bila kunung'unika, hata kama fahali wangu kachorwa juzi.