Nani Kamtenda Nani? Kusoma Vichwa vya Habari vya Kiingereza

Kichwa kama "Watano wauawa" hakimsumbui msomaji wa Kiswahili. Ile -w- ndogo imekwisha kumwambia kwamba watano hao walitendwa, hawakutenda. Mpe msomaji huyohuyo "Five killed in bus attack", hata kama Kiingereza amekisoma tangu shule ya msingi, na mashaka yanaanza: "killed" alifundishwa kuwa ni wakati uliopita, sasa watano hao wameua? Mwandishi wa kichwa alikuwa na sentensi nzima akilini: "five people were killed". Akaondoa "people", akaondoa "were", na pamoja na "were" ikatoweka alama iliyoonyesha kauli ya kutendwa.

Ufunguo upo, na ni wa kutegemewa. Magazeti ya Kiingereza husimulia ya jana kwa wakati uliopo. "Court frees activist" maana yake mahakama imekwisha kumwachia huru mwanaharakati. Nasi tunafanya vivyo hivyo kwa ile -a- ya "Rais azindua daraja", au ya "Yanga yaua", ambayo shabiki yeyote anajua haina msiba ndani yake. Basi kama anayetenda huandikiwa wakati uliopo, kitenzi kinachosimama peke yake na mwisho wa "-ed" karibu kila mara ni cha kutendwa. "Minister sacks engineer": waziri amemfukuza kazi mhandisi. "Minister sacked": waziri ndiye aliyefukuzwa. Tahadhari inahitajika kwa vitenzi visivyobadilika umbo, kama "hit" na "cut". Hapo tafuta "by" mbele yake: "Schools hit by floods", yaani mafuriko yamezikumba shule. Na "to" ikitangulia kitenzi, jambo bado halijatokea. "Government to hire teachers" inaeleza nia ya serikali. Huenda hata tangazo la nafasi za kazi halijatoka.

Kuna pia mlolongo wa nomino zisizo na kiungo chochote kati yake: "Market fire probe team chief". Wengi hukata tamaa hapa, na sioni kwa nini, maana msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato. Kiingereza huweka neno kuu mwishoni, sisi tunaliweka mwanzoni. Anza na neno la mwisho, rudi nyuma, na kila hatua weka kiunganishi: mkuu wa timu ya uchunguzi wa moto wa soko. Mpangilio unageuka wote, neno kwa neno.

Hata waliozaliwa na lugha hiyo huteleza. Mwaka 2009 gazeti la mtandaoni Japan Today liliandika "Violinist linked to JAL crash blossoms". Habari ilimhusu mpiga fidla aliyempoteza baba yake katika ajali ya ndege ya Japan Airlines ya Agosti 12, 1985, iliyoua watu 520. "Blossoms" hapo ni kitenzi: msanii huyo ananawiri. Lakini "linked" imejitokeza mapema na kujifanya kitenzi kikuu, na wasomaji wakajikuta wanajiuliza "maua ya ajali" ni kitu gani. Tangu hapo wahariri wa Kiingereza huviita vichwa vya namna hiyo "crash blossoms".

Msamiati nao una historia yake. Enzi za herufi za risasi na safu nyembamba, "investigation" haikuenea, ikaingia "probe". Nafasi leo ipo tele, mazoea yamebaki: "axe" kwa kufuta au kuondoa, "row" kwa mzozo, "slam" kwa kukosoa vikali. Magazeti ya Nairobi yana vipenzi vyake: "graft" ni ufisadi, "dons" ni wahadhiri, "House" ni Bunge, na "body" mara nyingi ni taasisi, wala si maiti. Neno la kuangaliwa zaidi ni "poll". Linaweza kuwa uchaguzi wenyewe au utafiti wa maoni, na wakati wa kampeni kuchanganya hayo mawili ni kumtangaza mshindi kabla kura hazijapigwa.

Linalonikera zaidi ni yanayotokea vichwa hivi vinapotafsiriwa haraka, redioni katika kupitia magazeti asubuhi au katika makundi ya WhatsApp. "Man held over murder" hugeuzwa kuwa "Muuaji akamatwa". Mhariri aliichagua "over" kwa makusudi, kwa sababu mahakama haijasema kitu. Neno hilo linamhusisha mtu na tukio bila kumtia hatiani. Alama za mtajo hufanya kazi hiyohiyo. "'Stolen' medicine found" maana yake yupo anayedai dawa ziliibwa, na gazeti halijathibitisha. Nukta mbili vilevile: katika "MP: Tax illegal", anayesema kodi si halali ni mbunge. Ukiitupa "over", ukizitupa alama hizo, umemhukumu mtu ambaye hajafika mbele ya hakimu, na jina lake litasambaa mtaani kwake kabla ya adhuhuri. Tafsiri ya haki ipo, tena inaenea vizuri kwenye kichwa cha habari: "Ashikiliwa kwa tuhuma za mauaji".